Daktari kanigonga goti, mguu haukuruka. Inawezekana ni ngoma?

#1 Jembe la Kisesa
Mwangaluka wakuu.

Wiki iliyopita nilienda kupima afya, kuna kazi ya udereva naifukuzia. Daktari kijana akaniambia nikae ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie. Akachukua kile kinyundo cha mpira, akagonga chini ya kofia ya goti. Kimya. Akagonga tena, kimya. Mguu wa kulia ulitikisika kidogo tu, kama wa mtu anayesumbuliwa na nzi usingizini. Akaniuliza kama nina ganzi, nikasema sina. Akaandika kitu, akasema "nenda kachunguzwe zaidi", akaita mwingine.

Huyo mwingine ni binamu yangu, tulienda pamoja. Jamaa ni wa kukaa ofisini, zoezi lake kubwa ni kufungua friji. Alipogongwa, mguu ukaruka nusura umvue daktari miwani.

Mimi nacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, tangu nina miaka 12, sasa nina 33. Kuchuchumaa, kunyanyuka, kurusha jembe juu na kulidaka, ndiyo maisha yangu. Swali: mazoezi ya miaka yote hiyo yanaweza kuizima ile rifleksi ya goti, yaani mguu kuruka wenyewe ukigongwa? Shuleni tuliambiwa haiongozwi na ubongo, inaishia kwenye uti wa mgongo. Sasa mgongo nao unafundishika? Au mishipa imekufa na mimi sijijui?

#2 Sangara Mbichi
Siti ya mbele. Nimekuja na dagaa wangu wa kukaanga.

#3 Mama Nansio
Mwanangu, kapime sukari kwanza. Mambo ya ngoma utayauliza baadaye. Marehemu mume wangu alianza hivyo hivyo, hana maumivu, hana ganzi ya maana. Daktari akigonga kisigino hakuna kitu. Kumbe sukari ilishaanza kula neva za miguu. Usije ukajisifia uchezaji wakati unaumwa.

#4 Kocha wa Nyamagana
Nimefundisha mpira vijana zaidi ya miaka 20. Wanamichezo wengi ukiwagonga hawaruki kwa sababu wanakaza paja bila kujua. Mtu ameshazoea mwili wake uwe tayari muda wote. Halafu hao madaktari wachanga nao wanagonga mfupa badala ya kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, unategemea nini? Hakuna ugonjwa hapo, wala hakuna mgongo uliofundishwa.

#5 Fizio wa Igoma
Mleta uzi, Mama Nansio kasema la kwanza na msilidharau. Sukari, upungufu wa vitamini B12, pombe ya muda mrefu, vyote hivyo hupunguza rifleksi, na mara nyingi za kisigino hutangulia kabla ya goti. Kapime.

Tukija kwenye swali lenyewe. Ukigongwa kano, msuli wa mbele ya paja unavutwa ghafla. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyohisi kuvutwa, vinatuma habari kwa neva hadi mgongoni, usawa wa kiuno. Pale neva inayoleta habari inagusana moja kwa moja na neva inayorudi kuamuru msuli ukaze. Hakuna mtu wa kati. Msuli unajibu ndani ya sehemu 20 hivi za elfu ya sekunde. Ukiambiwa "ukisikia filimbi piga teke", unahitaji sehemu 150 au 200. Kwa hiyo ni kweli, goti halisubiri ruhusa ya kichwa.

Lakini kutosubiri ruhusa haimaanishi kichwa hakina mkono wake hapo. Ubongo unaweza kufungua bomba au kulibana mapema kabla nyundo haijagonga. Hapo ndipo mazoezi yanapoingia.

#6 Mwalimu wa Bailojia
Nirekebishe jambo moja kabla uzi haujaenda mbali. Uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili. Kinachopitisha habari za neva ni ugwe mgongo, ule uzi laini uliomo ndani ya pingili. Pingili hazijifunzi kitu. Swali lenu ni kama ugwe unajifunza.

Nakiri sisi walimu tuna dhambi. Tunachora ubaoni goti, mshale kwenda mgongoni, mshale kurudi, basi. Mtoto anaondoka akiamini ni kama swichi ya taa.

#7 Karabai Nne
Mimi ni mvuvi wa dagaa, sina elimu ya hayo, naleta ya majini. Kijana mgeni akipanda mtumbwi usiku, wimbi dogo tu miguu inamruka ruka, magoti yanapiga kama cherehani. Kila akitikiswa mwili unajibu kupita kiasi, na akijibu kupita kiasi anauyumbisha mtumbwi zaidi. Tunamwambia "tulia, acha mtumbwi ukubebe". Baada ya mwezi hivi unamkuta amesimama anavuta nyavu gizani kama yuko sebuleni. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno, na yeye mwenyewe hawezi kukueleza alichobadilisha.

Nikisoma post #5 naona kama ndiyo hiyo hiyo.

#8 Fizio wa Igoma
Karabai, umeeleza vizuri kuliko walimu wangu. Kuna watafiti Ujerumani, Gruber na Taube na wenzao, waliwapa watu wiki 4 za kusimama kwenye vitu vinavyoyumba. Baada ya hapo rifleksi ya msuli wa shavu la mguu ilishuka. Wenyewe wanaona ina mantiki: ukisimama mahali pasipo imara, rifleksi kubwa inakutikisa badala ya kukusaidia. Hapo kazi ya kusawazisha huachiwa sehemu za juu zaidi, yaani za ubongo.

Kwa mleta uzi kuna ya karibu zaidi. Mwaka 1982 Goode na Van Hoven waliripoti wacheza ballet ambao rifleksi za goti na kisigino zilikuwa zimepotea. Na 1993 Nielsen, Crone na Hultborn wa Denmark wakawapima wachezaji wa Royal Danish Ballet, wakakuta rifleksi zao ni ndogo kuliko za wanamichezo waliofanya mazoezi sana. Sasa weka bugobogobo mahali pa ballet.

#9 Popo wa Butimba
Ballet na bugobogobo? Wale wanasimama kwa vidole wamevaa soksi, huku watu wanalima hewani na vumbi hadi puani.

Hoja yangu ni nyingine. Mnajuaje kwamba mazoezi ndiyo yalibadilisha? Labda aliyezaliwa na rifleksi ndogo ndiye anayefaa kwenye ngoma, mwingine anaacha mapema kwa sababu hatulii. Ukienda kupima waliobaki, utawakuta wote wametulia, halafu unasema ngoma imefanya kazi. Ni sawa na kusema kucheza kikapu kunarefusha watu.

#10 Mwalimu wa Bailojia
Popo leo umeongea, kongole. Kupima wachezaji waliokomaa hakutenganishi kuzaliwa na kujifunza. Ila hizo wiki 4 za post #8 ni watu wale wale, kabla na baada. Hapo hoja yako inalegea.

#11 Popo wa Butimba
Inalegea, haijaanguka.

#12 Chuma cha Mabatini
Mnasahau upande wa pili. Mimi nanyanyua vyuma mwaka wa sita. Nilisoma habari ya Aagaard na wenzake, 2002, huko huko Denmark: wiki 14 za vyuma vizito, rifleksi IKAPANDA, sio kushuka, ilipopimwa mtu akiwa anakaza kwa nguvu zote. Kwa hiyo huwezi kusema "mazoezi yanashusha". Mazoezi gani?

Na mimi goti langu linaruka vizuri tu, nimejigonga sasa hivi kwa ukingo wa simu.

#13 Sangara Mbichi
Anayejigonga goti kwa simu saa tano usiku Mabatini, hiyo ndiyo rifleksi ya kwanza kuchunguzwa.

#14 Fizio wa Igoma
Chuma yuko sahihi. Hata kwa wale wa Denmark wa 1993, watu wa mazoezi ya kawaida walikuwa na rifleksi kubwa kuliko wanaokaa tu. Walioshuka ni wacheza ballet peke yao, na hao wanafanya mazoezi mengi kuliko karibu kila mtu. Kwa hiyo wingi wa jasho sio jibu. Wenyewe walikisia hivi: ballet inadai misuli ya mbele na ya nyuma ya mguu ikaze kwa pamoja ili mtu asimame imara, na ukikaza pande zote mbili, mwili unabana zile habari za msuli kabla hazijafika kwenye neva ya kuamuru. Bana miaka kumi, inakuwa tabia.

Jembe, ukiwa umechuchumaa unasubiri jembe lirudi kutoka hewani, misuli ya mbele na ya nyuma ya paja si inakuwa imekaza yote?

#15 Jembe la Kisesa
Yote kabisa, mpaka makalio. Ukilegeza unaanguka, na jembe linakukuta chini.

#16 Bagalu Damu
Upo kundi gani wewe? Kama ni wa Wagika, wapinzani wetu Wagalu kwenye ngoma, basi sio rifleksi, ni dawa yetu imewafikia.

#17 Jembe la Kisesa
Nilijua mtakuja tu. Siku ya Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma, mtazamaji ndiye anayeamua, na mwaka jana watu walikimbilia wapi? Turudi kwenye mada.

#18 Dokta Mtarajiwa
Hoja nyingi humu ni nzuri ila mnachanganya vipimo viwili. Nyundo inavuta kano, kano inavuta msuli, vipokezi vinahisi. Ukipata jibu dogo, tatizo linaweza kuwa kwenye kano iliyokakamaa, kwenye vipokezi vyenyewe, au mgongoni. Hujui ni wapi. Hao wa Denmark hawakutumia nyundo, walitumia umeme: unaisisimua neva nyuma ya goti, unaruka vipokezi vyote, unasubiri kama sehemu 30 za elfu ya sekunde, msuli wa shavu la mguu unajibu. Inaitwa rifleksi ya H. Aliyegundua rifleksi ya goti ni Sherrington, akapata Nobel kwa hiyo.

#19 Mwalimu wa Bailojia
Nusu sahihi. Goti lilielezwa 1875 na Wajerumani wawili, Erb na Westphal, kila mmoja kivyake. Sherrington alikuja baadaye, Nobel yake ya 1932 aligawana na Adrian kwa kazi juu ya seli za neva kwa jumla. Na hiyo H ni ya Hoffmann, 1910.

#20 Dokta Mtarajiwa
Asante mwalimu. Mtihani wiki ijayo, umeniokoa.

#21 Binti wa Kirumba
Naleta ya kwangu. Nilivunjika mguu, boda ilinitupa karibu na Mwaloni, nikafungwa hogo wiki sita. Siku linatolewa mguu ulikuwa mwembamba kama kuni, hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba ulikuwa na WOGA. Nikikanyaga ghafla kisigino kinaruka ruka chenyewe. Ulitulia baada ya wiki kadhaa za kutembea. Hiyo nayo ni ugwe?

#22 Fizio wa Igoma
Yawezekana sana. Lundbye-Jensen na Nielsen, 2008, waliwafunga watu wazima wenye afya kifundo cha mguu wiki 2 tu, wasikitumie. Rifleksi ya H ikapanda, na kile kibano nilichokitaja kwenye #14 kikalegea. Yaani kinyume cha ballet. Ukiutumia mguu kwa ustadi bomba linabanwa, ukiufungia ndani bomba linafunguka.

#23 Kocha wa Nyamagana
Narudi. Mnatoka Denmark mnaenda Ujerumani mnarudi Denmark. Nakubali rifleksi inabadilika. Ila anayebadilika ni UBONGO, ugwe ni bomba tu. Ubongo ukiamua kubana unabana, ukiacha kubana inarudi. Mfano mzuri: mtu huyo huyo, dakika hiyo hiyo, akisimama rifleksi ni kubwa, akitembea inapungua, akikimbia inapungua zaidi. Hilo nililisikia kwenye semina ya makocha, walitaja Capaday na Stein wa Kanada. Hapo hakuna kilichojifunza, ni mkono kwenye bomba.

#24 Mwalimu wa Bailojia
Kocha, semina ilikuwa nzuri na mfano wako ni wa kweli. Ila kuna Mmarekani, Wolpaw, aliyekuwa Albany, New York, ametumia maisha yake kwenye swali hili hili. Tangu 1983 aliwafundisha nyani kwa zawadi: rifleksi ikipanda unapata juisi, au ikishuka unapata juisi. Wakajifunza, polepole, wiki kwa wiki. Mwaka 1989 yeye na Lee wakaondoa mchango wa ubongo kabisa, nyani wakiwa wamelazwa kwa dawa, halafu wakapima ugwe peke yake. Tofauti ikawa bado ipo. Bomba limebaki limebanwa na mwenye mkono hayupo.

#25 Kocha wa Nyamagana
Nani alilibana? Ubongo. Mwanafunzi akiandika daftarini, huwezi kusema daftari limejifunza.

#26 Karabai Nne
Kocha hapo umenichanganya. Nyavu ikivutwa mkono mmoja miaka mingi inakaa kwa umbo la mkono huo hata ukiiweka chini. Imejifunza au haijajifunza?

#27 Popo wa Butimba
Imechakaa.

#28 Sangara Mbichi
🤣🤣 Popo ana roho mbaya. Dagaa zimeisha, naongeza.

#29 Kaka Mkubwa Sengerema
Samahanini naingia kwa uzito kidogo. Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya lori, mgongo ukaumia ila haukukatika kabisa. Anatembea na fimbo. Shida yake ni kinyume na ya mleta uzi: mguu unaruka kupita kiasi, akikanyaga jiwe dogo unatetemeka dakika nzima. Hayo ya kufundisha rifleksi yanaweza kumsaidia?

#30 Fizio wa Igoma
Pole sana ndugu. Swali lako ndilo la maana kuliko yetu yote. Aiko Thompson na Wolpaw walijaribu hasa kwa watu wa aina hiyo, wakachapisha 2013. Vipindi 30, mara tatu kwa wiki. Mtu anasimama, mashine inaisisimua neva, mbele yake kuna mstari unaomwonyesha papo hapo kama rifleksi imepungua. Haambiwi afanyeje, anajitafutia. Waliofanikiwa kuishusha walitembea kwa kasi zaidi, na hatua za mguu wa kushoto na wa kulia zikalingana vizuri kuliko mwanzo. Si wote waliofanikiwa, nisikudanganye, na ile mashine si kitu cha kununua dukani. Mtetemo wa dakika nzima aonwe na daktari, kuna dawa na kuna namna za kuunyoosha mguu. Njoo PM nikupe mazoezi ya nyumbani ya kuanzia.

#31 Kaka Mkubwa Sengerema
Wabeja sana.

#32 Jembe la Kisesa
Mrejesho wakuu.

Sukari nimepima asubuhi kabla ya kula: 5.1. Mama Nansio ulale sasa. Nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Akanigonga, kimya tena. Akacheka, akasema "kunja vidole vya mikono miwili vishikane kama ndoano, vuta kwa nguvu huku na huku, tazama ukutani, nihesabie kutoka 20 kurudi nyuma". Nimefika 16, akagonga. MGUU UMERUKA. Wa kulia na wa kushoto. Akaandika kuwa niko sawa, akaniambia kuna watu wenye afya kabisa wanaoishi na rifleksi za kimya. Nikamuuliza kuhusu ngoma, akasema "inawezekana", akaita mwingine.

#33 Dokta Mtarajiwa
Hiyo ni mbinu ya Jendrassik, Mhungaria, 1885. Njia ya neva ipo nzima, ilikuwa imenyamaza tu.

#34 Kocha wa Nyamagana
Nilisema #4. Alikuwa anakaza paja. Akili ilipohamia kwenye mikono na kuhesabu, paja likalegea. Mchezo umekwisha.

#35 Fizio wa Igoma
Haujaisha. Ukivuta mikono rifleksi inapanda hata kwa mtu aliyelegeza paja tangu mwanzo. Mimi naona miaka 21 ya kibano, na kuvuta mikono kumekifungua kwa muda.

#36 Popo wa Butimba
Na mimi naona mtu aliyezaliwa kimya, ambaye kama watu wote hupanda akivuta mikono. Mwambieni daktari akampime baba yake.

#37 Mama Nansio
5.1 ni nzuri, Mungu mkubwa. Urudie kila mwaka.

#38 Jembe la Kisesa
Baba alicheza pia, Popo. Kwa hiyo hata akiwa kimya hutapata kitu.

#39 Karabai Nne
Wakuu, jana usiku dagaa walikuwa wachache, mbalamwezi kali, tukafanya utafiti wetu kambini. Nyundo hatuna, tumetumia ukingo wa ndala. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza, wameruka. Mimi, miaka tisa majini, kidogo sana. Nikaanza kujisifu. Akaja nahodha wetu, miaka 40 majini, mtu asiyeyumba hata kwenye kusi. Tumemgonga, kapiga teke ndoo ya chai yote ikamwagika.

Sasa nielezeni.

#40 Popo wa Butimba
🤣🤣🤣 Uzi ufungwe.

#41 Fizio wa Igoma
Subirini kwanza. Karabai, alikuwa amekaa au amesimama?

#42 Karabai Nne
Amekaa nchi kavu, juu ya kreti. Kwa nini?

#43 Fizio wa Igoma
Mrudishe kwenye mtumbwi.

#44 Karabai Nne
Kagoma. Anadai chai yake kwanza.